Mwanangu anakunywa methadoni, swala na funga yake vipi?

SWALI: Assalaam alaykum shekhe. Mwanangu alikua mla unga (heroini) miaka mingi, saivi alhamdulillah kaacha, kila siku asubuhi anakwenda hospitali ya Kidongo Chekundu hapa Unguja kunywa methadoni, dawa ya kuwasaidia walioacha unga. Kaka yake anamwambia hio nayo ulevi ule ule, swala yake haikubaliwi, na Ramadhani hii hio dawa aiache afunge kama watu. Mimi mama yake nifate lipi?

JIBU: Waalaykum salaam warahmatullah. Mama yangu, dawa asiache. Naliweka mwanzo kwasababu wengine mtasoma mistari miwili tu mtaondoka.

Unga ni haramu, hapo hamna mjadala, Mtume (s.a.w) kasema kila kinacholevya ni khamr (ulevi) na kila khamr ni haramu, na katika Baqara aya ya 195 Allah katukataza kujitia wenyewe kwenye maangamizo, na maangamizo yenyewe tunayaona mitaani kwetu, sindano moja watu wanne, ukimwi, homa ya ini, wapo hata waliofika kujidunga damu ya mwenzao aliyetoka kujidunga, eti arosto ipungue, yale maumivu ya kukosa unga. Methadoni imo kwenye jamii ya afyuni ndio, lakini huyu hafati stimu, kapimiwa na daktari, anakunywa mbele ya muuguzi na anasemeshwa kidogo ionekane kameza kweli, kisha anarudi nyumbani hana arosto, haibi simu ya mtu. Dharura ina hukumu yake, iko Al-An'am aya ya 119. Na Suratun Nisaa aya ya 43 imemzuia mlevi kuswali mpaka ajue anayoyasema, sasa mwanao si anajua anachosema? Basi aswali.

Ile hadithi anayoishikilia kaka yake, kwamba mnywaji haikubaliwi swala yake siku arubaini, inamhusu aliyekunywa khamr, sio mgonjwa wa daktari, na hata huyo mnywaji wanachuoni wamesema anakosa thawabu tu, wajibu wa kuswali haumtoki, alafu hadithi hio hio inaendelea kwamba akitubu Allah anamkubalia, sijui kwanini watu hapo hawafiki.

Funga sasa. Methadoni inakaa mwilini siku nzima na zaidi, ndo maana inanywewa mara moja tu, kwaiyo aende mapema kabla mwezi haujaandama awaulize kliniki kama wanaweza kumsogezea saa iwe baada ya magharibi. Ikishindikana, na akiikosa anaumwa arosto, basi ni mgonjwa, Baqara 185 imempa ruhusa, ale na alipe siku nyengine, na kama dawa ni ya kudumu haina mwisho unaojulikana atalisha maskini mmoja kwa kila siku. Kujipunguzia dozi au kuikata mwenyewe asithubutu. Wallahi hili linaua: kijana anakaa mwezi mzima bila unga wala dawa, mwili ushasahau, Idd mosi maskani wanamwita, anapiga kipimo kile kile alichokizoea zamani na mwili hauwezi tena, pumzi inakata. Jeneza za namna hio tumeziswalia. Pia asichanganye methadoni na pombe au vidonge vya usingizi, ni pumzi hio hio.

Kaka yake nae nina lake. Zama za Mtume (s.a.w) kuna mtu aliletwa mara kwa mara kwa ulevi, mmoja akamlaani, Mtume akamkataza, akasema huyo anampenda Allah na Mtume wake, iko kwa Bukhari. Huyo alikua bado anakunywa! Wa kwenu kaacha. Kama kaka ana bidii ya dini amsindikize asubuhi kliniki, maana njiani ndo wauzaji wanapomngojea.

Na wadogo zake msiwasahau, wengi hawakuanza na sindano, walianza na kokteli, msokoto wa bangi umetiwa unga ndani, kapewa bure barazani na mtu anaemjua. Waambieni hivyo hivyo, kitu mkitaje kwa jina lake, msizunguke, na huyu aliyepitia ndio awaambie, watamsikiliza kuliko mimi na khutba zangu.

Wallahu aalam.