Usinunue seti nane: nilimpoteza mteja akiwa ameketi hatua mbili kutoka kwangu

Ndugu mleta mada, kabla hujatuma hizo fedha Kariakoo, simama kwanza. Umeeleza kwamba unataka seti nane za miwani ya uhalisia pepe (VR, ile inayofunika macho na kukuonyesha mahali pa kubuni) kwa ajili ya vikao vya ushauri nasaha wa familia katika ofisi yako ya Sinza, ukauliza aina ipi inafaa, utoze kiasi gani, watoto waruhusiwe kuanzia umri gani, na kama ndugu walio mikoani wanaweza kuunganishwa kwa intaneti. Mimi nilinunua seti sita kwa mpango huohuo, na ninalokuambia ni hili: katika kikao cha familia avae mtu mmoja tu kwa wakati mmoja, na mtu huyo asiwe wewe.

Familia iliyokuja kwangu (nimebadilisha mambo kadhaa ili wasitambulike) ilikuwa na baba aliyepunguzwa kazi, mama, vijana wawili na bibi mzaa baba. Niliwavalisha wote, nami nikavaa, tukakutana katika sebule ya kubuni yenye dirisha linalotazama bahari, kila mmoja akiwa na kikaragosi chake, yaani mwanasesere wa kompyuta anayemwakilisha humo ndani. Mama akasimulia jinsi mumewe alivyoendelea kutoka nyumbani alfajiri kwa miezi mitatu, shati amechomekea, kwenda kukaa ufukweni Coco hadi jioni ili watoto wasijue. Muda wote huo kikaragosi cha baba kilikuwa kinatabasamu. Kijana mkubwa akauliza kwa uchungu, "Baba, na hili nalo unalicheka?" Nami, mwenye cheti ukutani, nikaanza kulifafanua lile tabasamu, nikisema huenda ndiyo namna ya baba kujikinga na aibu.

Baba hakuwa anatabasamu. Miwani niliyonunua haikuwa na kamera za kusoma macho wala uso. Ilifuata kichwa na mikono tu, mdomo ukaigizwa kutokana na sauti, na macho pamoja na kupepesa kope vikabuniwa na programu. Mtu aliyenyamaza hubaki na sura ya upole aliyopewa na watengenezaji, hata kama analia. Nilisikia mlango ukifungwa, mlango halisi, nikavua, nikakuta kiti kitupu na miwani iliyolowa juu yake, huku wanne waliobaki wakiendelea kumsemesha mtu ambaye alikuwa anateremka ngazi. Wala hawakurudi, yeye na familia yake. Ukitaka kucheka, nicheke mimi: nimevaa dude usoni kama mchomelea vyuma wa Gerezani, ninatoa ushauri nasaha kwa kiti.

Aliyenipoteza ni mwezeshaji wa semina moja ya mtandaoni, ambaye kwa ada niliyomlipa ningenunua kiyoyozi. Ushahidi aliotuonyesha ulikuwa wa kweli: tangu utafiti wa mwanasaikolojia Barbara Rothbaum na wenzake uliochapishwa mwaka 1995 kuhusu hofu ya kimo, teknolojia hii imewasaidia watu wenye hofu mahususi. Kisha akairukia familia kana kwamba ni jambo lilelile. Mwenye hofu ya kimo yuko peke yake na kimo chake, na mtaalamu yuko pembeni, macho wazi, akiona magoti yanavyotetemeka. Katika tiba ya mfumo wa familia, inayotazama familia nzima na jinsi watu wake wanavyohusiana, tunatafuta nani anamtazama nani kabla ya kujibu, nani anaguna, nani anasogeza kiti. Salvador Minuchin, mmoja wa waasisi wa tiba hii, alikuwa akiwahamisha watu viti makusudi ndani ya kikao. Yule bwana alituuzia kifaa kinachofunika hayo yote, na maswali yetu akayaita woga wa teknolojia.

Siku hizi ninatumia seti moja. Virginia Satir, mwasisi mwingine wa tiba ya familia, aliwapanga wanafamilia kama sanamu ili uhusiano wao uonekane kwa macho, nami ninafuata njia hiyo: mmoja anavaa kwa dakika kumi, anapanga vikaragosi vya jamaa zake, nani karibu, nani amegeuza mgongo, na anachokiona kinarushwa kwenye televisheni. Wengine wanatazama televisheni, mimi ninawatazama wao. Kuna binti aliyemweka mama yake nje ya dirisha. Mama, pale kwenye kochi, akajitanda khanga usoni bila kusema neno, na kikao chote kilichobaki tulizungumza kuhusu ile khanga. Kama naye angekuwa amevaa miwani, nisingeiona.

Kuhusu watoto, kampuni ya Meta imeweka miaka 10 kuwa umri wa chini kwa miwani yake, ila hata kijana wa miaka 17 nisingemvalisha pamoja na wazazi wake, kwa sababu ileile. Chumba cha kubuni nacho kisisogee wakati mtu ameketi, maana macho yatamwambia anatembea, sikio la ndani litakataa, na utafuta sakafu kama nilivyofuta mimi baada ya yule bibi kutapika.

Kama umeshatanguliza malipo, mpigie muuzaji leo akubakizie seti moja, na fedha nyingine nunua televisheni kubwa na viti ambavyo mtu anaweza kuvisogeza.