Kumwandikia wasifu mwalimu aliyetangulia mbele ya haki

Assalamu alaikum. Dada uliyeuliza namna ya kuandika wasifu wa marehemu baba yenu, aliyesomesha skuli za msingi hapo Malindi, ili usomwe siku ya hitima ya arubaini: Mwenyezi Mungu amrehemu na awape subira. Umesema kila mkianza kuandika mnaishia kwenye "alikuwa mcha Mungu na baba mwema", kisha hamna la kuendeleza. Nakujibu kwa niliyoyaona kwa mwalimu wangu wa Lamu, aliyenisomesha hesabu nikiwa mdogo, nikaja kufundisha naye skuli moja nilipokuwa mtu mzima, na alipofariki wanawe wakaniita tuandike pamoja.

Rai yangu ni kwamba ucha Mungu wa mwalimu utafutwe kwanza darasani. Msikitini mwalimu wangu alikuwa kama wazee wengi wa mji wetu: Alfajiri kwa sala ya jamaa, Ijumaa msikiti wa Riyadha, na Mfungo Sita katika zefe la Maulidi. Kilichomtofautisha ni kwamba kila kilichokuwa cha skuli alikihesabu kuwa amana atakayoulizwa. Juu ya kabati la darasa alikuwa na kopo la Kimbo alilotilia vipande vya chaki vilivyosalia, vingine havizidi ukucha, navyo ndivyo walivyojifunzia kuandika watoto wa darasa la kwanza. Akirudi nyumbani kwa Adhuhuri na kukuta kipande kimebaki mfukoni mwa shati, alikirudisha mchana huohuo kabla ya kengele. Muda nao aliuchukulia vivyo hivyo, hata akichelewa kwa sababu ya maziko, alizifidia dakika zile siku ya pili.

Jambo lililonigusa zaidi tulilipata wakati wa kukusanya habari. Lamu walikuwapo akina mama wengi waliosoma chuo cha Kurani tangu utotoni lakini skuli hawakwenda. Msahafu wanausoma, na Kiswahili kilichoandikwa kwa herufi za Kiarabu wanakisoma vizuri, ila ripoti ya skuli ilibidi wasomewe na mtoto yuleyule aliyeshindwa mtihani. Mwalimu aliwaandikia chini ya ripoti, kwa herufi hizo, mistari miwili mitatu: kwamba mtoto ameshika kuzidisha lakini kugawanya bado, na kwamba asitumwe dukani usiku wa kuamkia mtihani. Mama mmoja wa Langoni alitutolea ripoti za wanawe, amezihifadhi sandukuni pamoja na hati za nyumba, wino umefifia lakini unasomeka. Tafuteni vitu vya namna hiyo, dada yangu, kabla ya kutafuta maneno ya sifa.

Mfumo wa elimu wa 8-4-4 ulipoanza mwaka 1985 na darasa la nane likaongezwa, skuli zilitakiwa kufundisha kazi za mikono, na kwetu hapakuwa na vifaa wala mwalimu wa somo hilo. Yeye alikwenda kwa mafundi wa nakshi za milango, akawaomba, nao wakaja na patasi na nyundo zao. Baadhi yao hawakuwa wamekaa darasani maishani mwao. Aliwajulisha kwetu kwa kusema kuwa hawa ni walimu wenu, na tukasimama kuwaamkia kama tulivyomwamkia yeye. Alipenda kumtaja Habib Saleh, mwasisi wa Riyadha aliyefariki mwaka 1935, kwa sababu aliwafungulia elimu watu ambao wakubwa wengi wa mji hawakuona haja ya kuwafundisha. Kwa hivyo mtoto aliyetolewa skuli wakati wa kaskazi ili akasaidie uvuvini, Mwalimu alimfuata babake pwani, akaketi naye wakapatana siku za bahari na siku za darasa, bila kumfedhehesha mbele ya wenziwe.

Habari za nyumbani waulizeni ndugu zako kila mmoja peke yake, kwa maana kikaoni mkubwa akishasema wadogo huitikia tu. Tulipofanya hivyo, kila mwana alitupa baba wa kwake. Binti mkubwa alimkumbuka akitoka sokoni kando ya Ngome na kikapu cha ukindu, kwa kuwa hakutaka mkewe ahangaike na samaki wa asubuhi, na mdogo wa mwisho alimkumbuka akimsikiliza juzuu dakani, kwenye baraza ya mlangoni, baada ya Magharibi huku anasahihisha madaftari. Binti zake wote walimaliza sekondari, katika miaka ambayo mabinti wengi mtaani walitolewa skuli mara wavunjapo ungo. Jirani walipomuuliza hakubishana nao, na baada ya muda baadhi yao walimletea mabinti zao awatafutie nafasi.

Ukali wake pia tuliuandika. Alikuwa akichapa, kama walimu wengi wa wakati wake. Alistaafu alipotimiza miaka 55, umri wa lazima enzi hizo, na viboko vilipopigwa marufuku skulini mwaka 2001 alikuwa ameshaondoka kazini. Mwanawe mmoja hakutaka litajwe, na ni kweli kwamba tumefunzwa kuyataja mema ya maiti. Hata hivyo waliochapwa ndio watakaoketi jamvini kusikiliza, na sentensi moja ya heshima juu ya jambo hilo iliwafanya wayaamini mengine yote.

Hadithi ya amali tatu zisizokatika mtu akifa, yaani sadaka yenye kuendelea, elimu yenye manufaa na mwana mwema anayemuombea, shekhe ataieleza siku hiyo, kwa hivyo nyinyi msiirudie, wekeni ushahidi wake tu. Kurasa mbili zinatosha. Na kwa kuwa siku ya arubaini mama yenu atakuwa bado edani, msomeeni kwanza nyumbani, na asilolipenda litoeni. Kwetu, mjane wa Mwalimu alituondolesha aya nzima juu ya watoto waliolipiwa karo, akatueleza kwamba marehemu aliwalipia kwa siri, wenyewe wako hai na baadhi yao watakuwapo hitimani. Tuliitoa yote.