Mwanamke wa kwenye dola ya njano ni nani?

SWALI: Nikiwa safarini Marekani, mashine ya tiketi za treni ilinirudishia chenji ya sarafu za dola moja, zinang'aa kama dhahabu. Mojawapo ina mwanamke aliyebeba mtoto mgongoni. Ni nani huyo? Na je, ni dhahabu kweli?

JIBU: Dhahabu haimo hata chembe. Ndani ni shaba tupu, juu imevikwa mchanganyiko wa shaba, zinki, manganizi na nikeli, ndiyo maana ikishikwashikwa hufifia. Lakini itunze. Katika dola zote za sarafu za Marekani, hiyo ndiyo niipendayo kuliko zote.

Huyo ni Sacagawea, binti wa Washoshone, mojawapo ya makabila ya Wenyeji wa Amerika. Aprili 1805 aliondoka na msafara wa wapelelezi wa Kimarekani, Lewis na Clark, kuelekea Bahari ya Pasifiki, yeye akiwa mkalimani, na mwanawe Jean Baptiste hajatimiza hata miezi miwili. Hakuna aliyemchora enzi za uhai wake, kwa hiyo mchongaji Glenna Goodacre alichukua sura ya mwanafunzi wa Kishoshone, Randy'L He-dow Teton. Isogeze kwenye mwanga uitazame vizuri. Vichwa vya kwenye sarafu kwa kawaida hutazama pembeni. Huyu amegeuza shingo, anakutazama wewe juu ya bega, na mtoto amelala kwenye mbeleko. Kila nikiishika, jicho langu huanzia kwa huyo mtoto.

Ilitoka mwaka 2000 kuchukua nafasi ya dola ya 1979 yenye sura ya Susan B. Anthony, mpigania haki ya wanawake kupiga kura. Mama yule alistahili sarafu bora zaidi! Yake ilikuwa nyeupe, upana milimita 26.5, na robo dola, nyeupe vilevile, ina 24.3. Watu wakawa wanatoa dola wakidhani ni robo. Ndipo ikaja hii ya njano, yenye ukingo laini.

Sasa igeuze. Ukikuta tai anaruka, ni ya kati ya 2000 na 2008. Tangu 2009 mchoro wa nyuma hubadilika kila mwaka, ukieleza habari za Wenyeji wa Amerika. Ule wa kwanza ni mwanamke anayepanda mbegu kati ya mahindi, maharage na maboga. Kwenye hizo mwaka usiutafute usoni, umeandikwa ukingoni.

Zenye sura za wanaume ni za marais, waliotangulia mbele ya haki tu.

Niandikie tena uniambie nyuma ya yako kuna nini.