Sketi Pana za Enzi ya Napoleon III

SWALI: Ndugu Mhariri, nimeiona picha iliyochorwa na Winterhalter, inayomwonyesha Malkia Eugénie wa Ufaransa akiwa kati ya mabibi wanane wa kasri lake, sketi zao zimetanda chini kama mahema. Je, ni yeye aliyezibuni sketi hizo? Zilivaliwa wapi? Na ule haukuwa ufujaji mtupu wa vitambaa? (Msomaji wenu wa siku nyingi)

JIBU: Ndugu msomaji, Eugénie, aliyeolewa na Kaisari Napoleon III mnamo Januari 1853, hakuzibuni. Alizivaa tu, lakini kwa kuwa mabibi wa Paris walimtazama yeye kwanza, sifa na lawama zote zilimwangukia. Picha uliyoiona ni ya mwaka 1855, wakati upana ulipopatikana kwa kuvaa sketi nyingi za ndani, moja juu ya nyingine, zikiwamo zilizofumwa kwa singa za farasi. Wafaransa huziita singa hizo crin, na ndiko lilikotoka jina la sketi hizo, krinolini. Ulikuwa mzigo mzito wenye joto. Mwaka uliofuata ilitolewa mjini Paris hataza, yaani haki ya uvumbuzi, ya kizimba cha pete za chuma cha pua zilizoning'inizwa kwa tepe kutoka kiunoni, na kizimba hicho kimoja kikachukua nafasi ya rundo lile lote. Basi kinachotushangaza sisi, kwa mvaaji kilikuwa nafuu, ijapokuwa pindo lililopeperuka karibu na moto liliwaunguza wengi, na wapo waliokufa.

Kuhusu ufujaji, nitakupinga kidogo. Wafumaji wa hariri wa mji wa Lyon walikuwa wameasi mara mbili, mwaka 1831 na 1834, na hakuna mtawala aliyetaka kuwaona wakikosa kazi tena. Kila gauni la hariri la malkia lilikuwa tangazo la bidhaa zao, na mwenyewe aliziita nguo hizo mavazi yake ya kisiasa.

Mahali pa kuzivaa palikuwa pengi: dansi za kasri la Tuileries mjini Paris, matembezi ya magari ya farasi katika bustani ya Bois de Boulogne, na mashindano ya farasi ya Longchamp, uwanja uliofunguliwa mwaka 1857. Lakini mtihani mkubwa ulikuwa kasri la Compiègne, nje ya Paris, ambako kila vuli Kaisari aliwaalika wageni kwa makundi, kila kundi likiwa na watu wapatao mia moja waliokaa kama wiki moja na kuletwa kwa treni maalumu. Bibi aliyealikwa alihitaji vazi la asubuhi, la mawindo na la jioni, siku baada ya siku, na nadhani waume wengine waliupokea mwaliko huo kwa moyo mzito.

Aliyenufaika zaidi ni Mwingereza, Charles Frederick Worth, mshonaji aliyefungua duka lake katika barabara ya rue de la Paix mjini Paris mwaka 1858 pamoja na Mswidi Otto Bobergh. Pauline von Metternich, mke wa balozi wa Austria, alivaa kasrini gauni lililoshonwa na Worth, Eugénie akalipenda, na tangu hapo Worth akawa mshonaji wa malkia. Hata mitindo iliponyoosha sketi mbele na kuhamishia wingi wa kitambaa nyuma katika miaka ya 1860, yeye alikuwa mstari wa mbele. Ufalme ulipoanguka Septemba 1870, duka lake halikuanguka nao.