Mmisionari na Muda Wake: Je, Nitafikia Kimo Ambacho Mungu Alinikusudia?

SWALI: Mchungaji, Bwana Yesu asifiwe. Mimi ni kijana mmisionari. Nimetumwa kwa miaka miwili na zaidi ya nusu imeshakwisha. Wakati natoka nyumbani nilijiahidi kwamba nitarudi nikiwa mtu mwingine kabisa kiroho, lakini naona muda unayoyoma na mimi ni yule yule. Asubuhi najifunza lugha, mchana natembelea watu, jioni naandika ripoti, na saa zinazobaki zinaliwa na simu. Kuna mzee mmoja ambaye kila nikimpitia ananiweka kitako kwa hadithi mpaka mchana unakwisha, na haonyeshi dalili yoyote ya kuokoka, kwa hiyo siku hizi napita njia nyingine. Wenzangu wanabatiza, mimi bado. Nitumieje muda uliobaki ili nifikie kile kimo ambacho Mungu alinikusudia? Na nikiongeza siku za kufunga, nitafidia niliyopoteza?

JIBU: Amina, mtumishi. Afadhali umeuliza ungali kazini, maana wengi swali hili huwajia wakiwa wameshafunga mizigo.

Nianze na jambo ambalo huenda halitakupendeza. Nimeisoma barua yako mara mbili nikiwatafuta watu uliotumwa kwao, nikampata mmoja tu, naye ndiye unayemkwepa. Wengine ni wenzako unaojipima nao, na wewe mwenyewe. Ndugu yangu, hukutumwa huko ili ukakamilike. Ulitumwa kwa sababu wako watu ambao Kristo aliwafia nao hawajamjua. Kukua utakua, lakini mmisionari anayekagua kimo chake kila jioni huishia kuwafanya watu ngazi ya kupandia. Akibatiza anajiona amepanda, asipobatiza anajiona ameshuka, na mtu aliyekaa naye mchana kutwa anakuwa tarakimu kwenye ripoti.

Hicho kimo nacho, nani alikuambia kina tarehe ya kufikiwa? Paulo alipowaandikia Wafilipi alikuwa amefungwa minyororo, na nyuma yake kulikuwa na miaka mingi ya safari, mapigo na makanisa aliyoyapanda. Anasema: “Si kwamba nimekwisha kufika, au nimekwisha kuwa mkamilifu; la! bali nakaza mwendo.” Kama yeye hakuwa amefika, wewe usijipe miaka miwili. Umalize utume wako ukiwa bado unakaza mwendo, hilo linatosha.

Sasa tuje kwenye muda wenyewe. Kuna aya mbili ambazo kila mmisionari anazijua. Ya kwanza ni Waefeso 5:15-16, “mkiukomboa wakati kwa maana zamani hizi ni za uovu,” na hiyo ndiyo inayobandikwa ukutani. Ya pili, Wakolosai 4:5, haisomwi sana, nami naona ndiyo iliyoandikwa kwa ajili yako: “Enendeni kwa hekima mbele yao walio nje, mkiukomboa wakati.” Paulo haishii hapo. Aya inayofuata inaeleza hekima hiyo inavyoonekana: maneno yenu yawe na neema siku zote, yakikolea munyu, mpate kujua jinsi ya kumjibu kila mtu. Kila mtu, mmoja mmoja, kwa jibu linalomfaa yeye. Wala huwezi kumjibu mtu hivyo kama hujakaa ukamsikiliza.

Tumtazame Bwana mwenyewe katika Marko sura ya kwanza, maana hapo pana somo kubwa la ratiba kuliko semina nyingi. Alikuwa Kapernaumu siku ya sabato. Amefundisha katika sinagogi, amemtoa mtu pepo, amemponya mkwewe Simoni, na jua lilipokuchwa mji wote ukakusanyika mlangoni. Kwa vipimo vyetu hiyo ni siku yenye mafanikio makubwa, na asubuhi yake ungetarajia aendelee pale alipoachia. Badala yake, “alfajiri na mapema sana” aliondoka akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Simoni na wenzake wakamfuata, na walipomwona wakamwambia watu wote wanamtafuta. Sikiliza jibu lake: twendeni mahali pengine, mpaka vijiji vilivyo karibu, nipate kuhubiri huko nako, maana kwa hiyo nalitokea.

Mafundisho mengi juu ya aya hizo hukomea kwenye kuamka mapema. Ni kweli, amka. Lakini tazama maombi yale yalimfanyia nini. Aliingia katika maombi huku mji mzima ukimhitaji, akatoka akiwa na ujasiri wa kuuacha mji huo. Walikuwa na mahitaji ya kweli kabisa, wagonjwa halisi, na bado hakurudi asubuhi ile. Mtu asiyekaa na Mungu asubuhi hawezi kusema hapana kwa jambo jema. Atavutwa na yeyote atakayepiga simu wa kwanza, na jioni atachoka bila kujua alichofanya. Kwa hiyo ukiniuliza uanzie wapi, anzia hapo: saa yako ya kwanza usimpe mtu, wala ripoti, wala simu. Soma polepole, kifungu kifupi, halafu mwulize Bwana swali moja: leo unanituma kwa nani? Kaa mpaka jina lije. Lisipokuja, nenda kwa yule uliyemwahidi jana.

Na hapo ndipo mzee wako anaingia.

Katika Marko sura ya tano Yesu yuko njiani kwenda kwa Yairo, mkuu wa sinagogi, ambaye binti yake yu katika kufa. Kama kuna safari isiyotaka kucheleweshwa, ni hiyo. Katikati ya msongamano mwanamke aliyetokwa na damu miaka 12 anagusa vazi lake na kupona. Bwana angeweza kuendelea na mwendo, maana muujiza ulikuwa umeshatendeka. Lakini akasimama, akauliza ni nani aliyemgusa, wanafunzi wakaona swali lenyewe halina maana, yeye akazidi kutazama huku na huku. Mwanamke akaja akitetemeka, akamweleza “kweli yote.” Miaka 12 ya tabibu mbalimbali na mali iliyokwisha haielezwi kwa dakika moja, na Yairo alikuwa amesimama pale pale akisubiri. Bwana alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamwita binti. Wakati bado anasema naye ndipo habari za msiba zikafika.

Mzee yule anakupa kitu ambacho wenzako wanaobatiza pengine hawajapewa: anakufungulia maisha yake. Hadithi unazoziona za kupoteza muda ndimo hofu zake zilimo, wafu wake, na sababu za kutoamini kwake. Tena, kama anazungumza lugha unayojifunza, hakuna mwalimu utakayempata mwenye subira kama yake. Rudi kwake. Mwambie mapema una muda gani, ili usikae ukichungulia saa, na ndani ya muda huo uwe wake kweli, simu ikiwa imezimwa mfukoni. Siku moja mwulize akuhadithie juu ya mtu aliyempenda akafariki. Halafu nyamaza.

Kuhusu kubatiza, nitakupa historia kidogo, maana naona hesabu hiyo inakuumiza kuliko unavyokiri. William Carey alifika India mwaka 1793, na Krishna Pal, mwongofu wake wa kwanza Mhindi, alibatizwa Desemba 1800. Adoniram Judson aliingia Burma (Myanmar ya leo) 1813, na wa kwanza aliyembatiza huko alipatikana 1819. Hao ndio tunaowaita majabari wa umisheni. Kama wangepewa miaka yako miwili na fomu yako ya ripoti, wote wawili wangerudi nyumbani na sifuri. Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa 1844. Mwaka huo huo alimzika mkewe Rosine na mtoto wao mchanga, na mwaka huo huo alikuwa tayari ameanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo kwa Kiswahili. Waongofu aliowapata walikuwa wachache mno. Kamusi yake ya Kiswahili ilitoka 1882, yeye akiwa ameshafariki mwaka uliotangulia. Waliokuja nyuma yake waliikuta kazi ya lugha imeshaanzwa. “Mimi nilipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu.” Ripoti iandike kwa uaminifu, viongozi wanaihitaji, ila usiilalie.

Kwa sababu hiyo pia usiidharau ile asubuhi ya lugha. Umeitaja kana kwamba ni kazi ya maandalizi tu kabla ya utume wenyewe. Kumtafutia mtu maneno yake ili asikie Injili bila kuhangaika ni upendo unaogharimu, na kuchekwa unapokosea kunafundisha unyenyekevu haraka kuliko mahubiri.

Simu sina mengi ya kusema, unajua mwenyewe. Tenga muda mmoja wa kuongea na nyumbani, ukiisha iache chumba kingine hasa usiku. Chunguza pia ni saa gani hasa unaikimbilia. Mara nyingi ni pale unapokuwa na upweke au umetoka kukataliwa mlangoni. Basi shida yako si uvivu. Ni huzuni ambayo hujampelekea Mungu, wala mwenzako unayetumika naye. Mwambie, huenda naye anayo.

Badala ya kuperuzi kabla ya kulala, chukua daftari. Andika majina ya uliokutana nao siku hiyo, na mbele ya kila jina kitu kimoja alichosema, kwa maneno yake. Mfano: “Mama wa nyumba ya kona: alisema hajalala tangu mwanawe aondoke.” Omba juu ya mstari huo. Usipokumbuka alichosema, ujue ulikuwa ukihubiri bila kusikiliza, na kesho utarekebisha. Baada ya wiki chache utaona maombi yako yamebadilika, na huo ukuaji unaoutafuta hutakuwa na haja ya kuupima.

Pumzika pia. Mitume waliporudi kutoka safari yao hata nafasi ya kula hawakuwa nayo, na Bwana akawaita faraghani wakapumzike kidogo. Ni kweli makutano waliwatangulia na mapumziko yakakatizwa, lakini yalikuwa yamepangwa, tena na yeye mwenyewe. Siku yako ya mapumziko usiione haya.

Limebaki la kufunga. Hapana, kufunga hakufidii. Katika Mathayo 20 kuna watu walioitwa shambani saa kumi na moja, na mwenye shamba hakuwadai saa walizosimama sokoni. Aliwaambia nanyi nendeni katika shamba la mizabibu, na jioni wakapokea dinari kama wenzao. Unaposhika njaa ili kulipa deni la miezi iliyopita unageuza neema kuwa mkopo, na utakuwa mkali kwa wenzako bila kujua sababu. Lile ulilotenda kwa uzembe litubu, likishatubiwa limekwisha. Ukitaka kufunga ili utulie na umsikie Mungu, au kwa ajili ya mtu fulani kwenye daftari lako, funga, tena bila kutangaza. Siku moja kwa wiki inatosha kwa mtu anayetembea juani kila siku, na mweleze kiongozi wako wa kituo kabla hujaanza, hasa kama kuna dawa unazotumia.