Kushusha gari bila kuua mgongo

Watu wakitaka kushusha gari, yaani kulilaza karibu na ardhi, wanaanza na picha, Toyota Mark X imelala mpaka tairi imemezwa na madgadi, "kaka nataka hivi hivi". Sawa, inavutia sikatai, ila hiyo gari kwenye picha imepaki na haina mtu ndani, wewe unakaa Tabata huko ndani, una matuta na makorongo kabla hujaiona lami, halafu Jumapili unabeba familia nzima.

Kwa hiyo kabla hujashika spana pakia watu wanne, jaza tanki, ndo upime. Pima kile kinachoning'inia chini kuliko vyote, mara nyingi ni egzosi au kava ya chini ya injini, sio bampa kama watu wanavyodhani. Hapo ndo utajua una nafasi kiasi gani ya kuchezea.

Yangu ni Mark X ile ya kwanza, GRX120, nimeishusha sentimita 3 tu na watu wanadhani imeshuka zaidi, siri ni rimu. Macho yanaangalia lile pengo kati ya tairi na madgadi, basi ukipata rimu yenye upana na ofseti nzuri (ofseti ndo inaamua rimu ikae ndani au nje kiasi gani) ikasogea nje kidogo, gari inajaa bila kuilaza chini. Ila angalia na size, ukitoka 215/60R16 (upana milimita 215, ubavu asilimia 60 ya upana, rimu inchi 16) ukaenda 225/45R18 kimo cha tairi kinabaki karibu kilekile, lakini ubavu wa mpira unatoka kama milimita 129 mpaka 101, na huo mpira ndo ulikuwa unameza mashimo. Mimi nimeishia inchi 17 na sina mpango wa kupanda.

Kukata springi sasa, hapa huwa nagombana na mafundi. Springi ikikatwa inakuwa ngumu zaidi maana mizunguko inayofanya kazi imepungua, na shokapu bado ni ile ile iliyotengenezwa kwa springi laini, haiwezi kuituliza, matokeo yake gari inadunda ukishapita tuta na haitulii. Halafu ukiipiga jeki springi inacheza, inaweza kutoka kwenye kiti chake. Kuichoma moto ndo mbaya kabisa yaani, chuma kinapoteza ule ugumu wake inaendelea kushuka yenyewe. Nunua springi fupi za gari yako, na kama shokapu zimechoka badilisha kwa pamoja, usifunge springi mpya kwenye shokapu inayovuja mafuta.

Koilova, yaani shokapu na springi zilizofungwa pamoja ambazo unaweza kurekebisha kimo, ni nzuri ukipata zile ambazo urefu unarekebishwa kwenye mguu wa chini, maana ukishusha gari shokapu inabaki na mwendo wake wote. Bila hivyo inagota kwenye raba kila shimo, unahisi kama unagongwa kiunoni. Ugumu anza na laini kabisa, panda taratibu, wengi wanakaza mpaka mwisho siku ya kwanza eti iwe kama ya mashindano.

Ukimaliza iendeshe wiki moja mbili springi zikae, ndo upeleke alaimenti. Mwambie fundi aangalie zaidi tairi zinavyoelekeana mbele, zile pua zake, maana kule kulalia ndani kidogo tairi inavumilia, ila pua zikiwa hazijanyooka tairi mpya inaliwa upande wa ndani mpaka waya na wewe ukiwa umesimama nje unaona bado ina kashata, yaani meno ya tairi.