Mwache mzee aende kwa wenzake

Mkuu, uzi wako nimeusoma mara mbili. Kwa wanaoingia sasa hivi: mleta mada ana baba yake, askari mstaafu, mtu asiye na maneno mengi nyumbani. Kila mwaka mzee anafunga safari kwenda kukutana na wenzake wa kombania, na akirudi anakuwa kachangamka wiki nzima. Safari hii magoti yanamsumbua, presha inapanda, na familia inataka azuiwe. Kisha kuna swali ambalo naona ndilo linalokuuma: hao wazee wana nini ambacho sisi watoto wake hatuna?

Najibu kama mtu aliyevua kombati siku nyingi, na ambaye kwa mikutano tisa mfululizo amekuwa katibu wa kikundi chake, yaani yule anayelaumiwa kila kitu kikiharibika.

Nianze na uzi, lakini si huu wa jukwaani. Tulipokuwa tukishika lindo usiku, mahandaki yetu yalikuwa yameachana hatua kama kumi na tano. Kusema hairuhusiwi, kuwasha hata kiberiti hairuhusiwi. Sajenti wetu akatufundisha kufunga uzi wa nailoni kwenye kifundo cha mkono, ncha ya pili inakwenda kwa mwenzako wa handaki la jirani. Ukivuta mara moja, umeuliza: uko macho? Akivuta mara mbili: niko. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya usiku kucha.

Mwenzangu wa upande wa pili nitamwita Koplo, kwa sababu ndicho cheo alichoishia na hapendi kutajwa jina. Kuna usiku nilivuta, kimya. Nikavuta tena, kimya. Zile dakika kabla hajajibu sijawahi kumsimulia mke wangu, na si kwamba namficha. Kila nikianza najikuta nasimulia habari ya mtu aliyepitiwa na usingizi, maana ndivyo ilivyokuwa: alisinzia, akazinduka, akavuta mara mbili. Hakuna kilichotokea. Sasa habari ya "alisinzia, hakuna kilichotokea" utamsimulia nani akaielewa?

Tulipoachana kikosini sikumwona kwa miaka ishirini na miwili. Siku ya mkutano wetu wa pili nimekaa nimempa mlango mgongo, nahangaika na orodha ya majina, nikasikia mkono wa shati langu unavutwa. Mara moja. Sikugeuka. Nilinyoosha mkono nyuma nikashika kitambaa cha koti la mtu nisiyemwona, nikavuta mara mbili. Kisha ndipo nikageuka, na nikakuta mzee mwenye kipara analia na kucheka kwa pamoja. Jamaa waliokuwa karibu hawakuuliza chochote.

Watu wa nje wanadhani tukikutana tunasimulia vita. Hata kidogo. Tunabishana nani aliiba blanketi depo. Tunamwigiza mkufunzi wa kwata aliyekuwa na kithembe, na "mguu sawa" yake ilivyokuwa ikitoka. Tunakumbushana nani alizimia kwenye gwaride. Upuuzi mtupu, kwa saa sita. Ila kila aliyepo pale alikujua ukiwa na miaka ishirini, unatetemeka, buti limekuchubua kisigino na huna cheo wala mtoto wala heshima ya kulinda. Baba yako kwako ni baba. Umemkuta keshakuwa mtu mzima, na kwako lazima awe imara. Kwa wale wazee hana cha kulinda, walishamwona akiwa hoi.

Wasomi nao wamelitazama hili. Mwaka 1948 wanasosholojia Edward Shils na Morris Janowitz walichapisha utafiti juu ya jeshi la Ujerumani katika Vita vya Pili vya Dunia, wakitumia pia mahojiano ya mateka. Walijiuliza kwa nini askari wale waliendelea kupigana wakati mambo yalishawaharibikia. Walichokuta ni kwamba siasa ya watawala haikuwa na uzito mkubwa kama tunavyodhani. Kilichomshikilia askari ni kile kikundi kidogo cha watu anaolala nao na kula nao. Kikidumu, anadumu, kikivunjika, anajisalimisha. Mimi nimeongeza langu tu: kikundi kile hakifi kwa sababu mtu kapewa barua ya kustaafu.

Na kinaweza kupita hata uadui. Mwaka 1913, miaka hamsini baada ya mapigano ya Gettysburg katika vita vya wenyewe kwa wenyewe kule Marekani, wazee zaidi ya elfu hamsini wa pande zote mbili walirudi kwenye uwanja uleule wakalala kwenye mahema, na wengine wakapeana mikono juu ya ukuta wa mawe walipouana wakiwa vijana. Nakiri sijui kama mimi ningeweza.

Nisikupambe lakini. Mkutano wetu wa kwanza uliharibika vibaya. Tuliweka meza kuu, viti tukavipanga kwa vyeo, na meja mmoja mstaafu akahutubia mpaka watu wakaanza kutoka mmoja mmoja. Wapo waliosema walikuwa wamekuja kuonana na wenzao, si kukaguliwa. Toka siku hiyo viti ni duara na hakuna hotuba. Cheo kinabaki mlangoni, ingawa mdomo haukubali: yule meja akipita bado namwita afande, na tumbo naliingiza ndani.

Pia si kila mtu anafaa kuja. Tunaye mmoja ninayempelekea ujumbe kila mwaka, naye hujibu neno moja: "Nimepata." Basi. Kuna mambo aliyoyaona, na nyuso zetu ndizo zinazoyarudisha. Nilikuwa namsumbua, siku hizi namwarifu tu. Mwingine aliinuka akatoka nje katikati ya vicheko kwa sababu jamaa alianza kuigiza mlio fulani. Tukajifunza: hakuna kuigiza milio, na hakuna kumbana mtu asimulie. Kama mzee wako akirudi anakosa usingizi, anakunywa kupita kiasi au anakuwa mkali, hilo ni jambo jingine na linahitaji mtaalamu. Ila wewe umesema anarudi kachangamka. Akipoa siku mbili tatu baadaye, usishtuke, sote tunapoa.

Sasa nikuambie kile kinachofanyika saa ya mwisho, kwa sababu nadhani hajakuambia. Tunaita majina. Orodha ni ileile ya zamani, kwa mpangilio uleule tuliokuwa tukisimama. Aliyepo anaitika. Likifika jina la marehemu, anaitika yule aliyekuwa akisimama kulia kwake, halafu tunaendelea. Mwanzoni ilikuwa mtu anaitikia mmoja. Mwaka jana Koplo aliitikia watatu.

Kuna Wamarekani waliofanya jambo la namna hii kwa vikombe. Tarehe 18 Aprili 1942 watu themanini chini ya James Doolittle walirusha ndege kumi na sita kutoka kwenye meli kwenda kuishambulia Japani. Baadaye waliobaki wakawa wanakutana kila mwaka. Mwaka 1959 mji wa Tucson ukawapa vikombe themanini vya fedha, kila kimoja kimeandikwa jina la mtu mara mbili: moja linasomeka kikombe kikiwa wima, la pili kikiwa kimepinduliwa. Mtu akifa, wenzake wanapindua kikombe chake. Walikuwa na chupa ya konyaki ya mwaka 1896, mwaka aliozaliwa Doolittle, iliyowekwa ili waje kuinywa wawili wa mwisho. Hawakungoja. Novemba 2013 walikuwa wamebaki wanne, watatu wakaweza kufika, wakaifungua. Richard Cole, aliyekuwa rubani msaidizi wa Doolittle mwenyewe, ndiye aliyebaki mwisho. Alifariki 2019 akiwa na miaka 103. Mimi huwa nafikiria ile miaka yake ya mwisho, amebaki na kikombe kimoja wima.

Kwa hiyo ukimzuia mzee, jua unachokizuia. Jina lake litaitwa, na wenzake watakuwa hawana la kuitika. Yu hai, si marehemu, ila kwenye duara hayupo. Kwetu hilo lilitokea mara moja, mtoto wa mwenzetu alimzuia bila kutuarifu. Jina likaitwa, tukatazamana. Aliyekuwa akisimama kulia kwake alifungua mdomo akaufunga.

Fanya hivi. Mtafute katibu wao, kila kikundi kina mtu kama mimi. Mwambie hali halisi: presha, magoti, dawa za saa ngapi. Mzee hatasema, atajifanya kijana. Omba chumba cha chini kisicho na ngazi. Msindikize, msalimie kila mmoja, kisha ondoka. Usikae kwenye kona ukimwangalia, akikuona atarudi kuwa baba. Akirudi usimhoji walizungumza nini.

Na ikishindikana kabisa, mkutano unaweza kumfuata. Mwenzetu mmoja alikatwa mguu kwa ajili ya sukari, akatutumia ujumbe kwamba tumfute kwenye orodha. Tukaenda sita hadi kwake. Tulisimama uani kwa mpangilio, kila mtu nafasi yake, tukaacha tundu pale anaposimama yeye. Mjukuu wake akasukuma kiti cha magurudumu hadi kwenye tundu. Yule mzee hakusema kitu. Alinyoosha mgongo tu, akaangalia kulia kujipanga.

Leo jioni muulize mzee swali moja: kulia kwake alikuwa anasimama nani? Kama yuko hai, namba ya simu ya mtu huyo uwe nayo wewe pia.